Ndoo za Upande wa Pili

Ndugu zangu, mimi chuo cha theolojia sikukiona hata geti lake, kwa hiyo sitawazungusha. Nina mfano mmoja tu. Mwenye simu mkononi aiweke chini, maana huenda mfano huu ni wake.

Kulikuwa na mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga unga. Miaka tisa alikuwa peke yake katika mji ule mdogo. Akina mama wakipanga ndoo zao, yeye huwafokea, "Foleni! Foleni!" utadhani mkuu wa wilaya. Halafu mjane mmoja akafungua mashine yake upande wa pili wa barabara. Milango inatazamana.

Mtu wetu akaenda semina ya wafanyabiashara. Huko wakamfundisha jambo jema kabisa: tundika ubao mahali unapouona kila siku, andika mambo machache tu, yale ambayo ukiona yameharibika unajua uanzie wapi kurekebisha. Akarudi na ubao mweupe mkubwa na kalamu za rangi. Mnafikiri aliandika nini? Madebe aliyosaga? Saa ambazo mashine ilisimama? Wateja waliorudi na malalamiko?

Aliandika ndoo za yule mjane.

Kwa rangi nyekundu! Akavuta benchi mlangoni, akaipa mashine yake mgongo, akahesabu. Jumatatu, thelathini na moja. Jumanne, arobaini. Siku ya gulio, hamsini na nne, na siku hiyo hakula. Mama akitoka kule anacheka, huku yeye moyo unamchoma: anacheka nini? Wameambiana nini? Alijua hata nani amekuja na ndoo yake na nani ameazima.

Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, huo ubao ni wetu au ni wa yule mama?"

"Wewe hujui biashara. Huyu namfuatilia."

"Ungeifuatilia na mashine, mbona inalia vibaya?"

"Nyamaza, umenipotezea hesabu!"

Jumatano moja, hesabu ile nyekundu ikaanguka mpaka chini. Sifuri. Mlango wa mjane una kufuli. Mtu wetu akaandika ile sifuri kubwa kama sahani. Akafagia, akavaa shati safi, akawasha mashine, akasimama mlangoni kuwapokea watu wake waliomrudia.

Saa nne. Saa sita. Hakuna hata ndoo moja.

Kwenye saa nane akapita mama mmoja, debe la mahindi kichwani, akiupita mlango kama haupo. Akamkimbilia.

"Dada! Unakwenda wapi na mzigo huo? Jirani kafunga!"

"Najua. Kafiwa na mdogo wake, amekwenda kuzika. Mimi nakwenda ng'ambo ya mto."

"Mwendo wote huo? Na mimi niko hapa, mashine inanguruma?"

Yule mama akashusha debe. "Kaka, unga wako una chenga tangu mwezi wa saba. Chekeche la mashine limetoboka. Ugali wako tunautafuna kama mchanga."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Nilikuja. Nikakuonyesha unga kiganjani. Ukaniuliza, 'Kwa yule leo wamefika wangapi?'"

Akajitwika debe lake, akaenda zake.

Mnacheka. Chekeni. Lakini angalieni: huyu mtu hakukosea hesabu! Ndoo hata moja haikumpita. Chekeche ni kazi ya nusu saa, spana moja, boliti nne. Jambo alilokuwa na uwezo nalo hakulipa nafasi ubaoni, na asilokuwa na uwezo nalo likaujaza ubao wote. Mtu mzima na akili zake!

Na sisi je? Juzi mzee mmoja wa kanisa hili, simtaji, yuko hapo hapo alipokaa, aliniuliza, "Mchungaji, wale wa kanisa jipya Jumapili walijaa?" Nikamjibu walijaa. Nilijuaje? Nilipita kwao nikahesabu pikipiki nje. Ndiyo, mimi. Nikarudi nyumbani nimenuna, chai ikanishinda.

Wiki hiyo hiyo kuna mama wa ushirika wetu alikuwa amelazwa hospitali, siku yake ya ishirini. Nani kati yetu alijua? Tunajua idadi ya viti vyao vya plastiki, hatujui nani hayupo kwenye benchi letu. Tena alituma ujumbe mara mbili. Nani aliupokea, akauacha?

Ametoka jana, yuko kwake. Kwa hiyo leo sitaki sala ndefu. Tunatoka hapa, tunakwenda kwake wote, kwa miguu. Tukifika tukae kimya, aseme yeye. Na akitusema, asikatishwe na mtu.