Kifaru Apewa Kiti cha Mwamuzi

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo Fisi bado alikuwa anaoga kabla ya kwenda barazani, wanyama walikuwa na mchezo walioupenda kuliko chakula. Mieleka. Sogeeni karibu, na wewe uliyekaa juu ya mguu wa mwenzako, ondoka, maana kisa hiki kina kuanguka kwingi.

Mieleka hiyo haikuwa ya kujifurahisha tu. Kila mwaka, kabla ya masika, koo zote zilikutana kwenye uwanja wa vumbi chini ya Jiwe Kuu. Kila ukoo ulitoa mpiganaji mmoja. Ukoo ulioshinda ulipewa Pango la Jiwe Kuu, pango pekee lisilovuja, ukae humo mpaka mvua ziishe. Wengine walijisitiri walipoweza.

Nyati ana ngozi nene, mvua kwake ni kero tu. Lakini Pimbi? Mnamjua Pimbi? Ni kama sungura aliyesahauliwa siku ya kugawa masikio. Baridi ikimwingia humfika mifupani. Asubuhi lazima aote jua kwanza ndipo aweze kukuitikia salamu. Masika yaliyopita Bi Pimbi alilala na wanawe chini ya gogo. Gogo likavuja usiku kucha. Kulipokucha, mtoto mmoja hakuamka.

Ndiyo maana mwaka ule Bi Pimbi alilitaka pango kuliko mtu yeyote.

Sasa, kulikuwa na desturi. Ukoo uliweza kumkaribisha mgeni apigane kwa niaba yake, mradi umlishe kiangazi chote. Na mgeni aliyegombewa alikuwa mmoja, Kifaru. Kifaru hakulihitaji pango, ngozi yake ilikuwa nyumba tosha. Alimpigania yeyote aliyemletea majani mengi. Akiingia uwanjani hunusa, fyuu! fyuu! kisha hutimka kuifuata harufu, na kabla hujakumbuka jina la mama yako, puuu! uko chini.

Mwaka mmoja alikula kwa Nyati, Nyati akapata pango. Mwaka mwingine alikula kwa Fisi, pango likanuka mpaka leo. Mwaka jana alikula kwa Simba. Simba mwenyewe hakati majani, lakini ana namna yake ya kuwaomba pundamilia.

Bi Pimbi akaenda barazani. Wajumbe walikuwa watatu: Simba mwenyekiti, Nyati makamu wake, na Fisi msemaji, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

"Shikamooni, wazee," alisema huku akitetemeka. Bi Pimbi alizaliwa na wasiwasi. Hata jua likichomoza, hulitazama mara ya pili kuhakikisha.

"Marahaba," alisema Simba. "Sema, binti, lakini kwa ufupi. Chakula kinakaribia, na wewe umesimama karibu nacho."

Bi Pimbi akarudi nyuma kidogo. "Naomba Kifaru azuiliwe kupigana mieleka. Amezidi. Mwenye Kifaru ana pango, asiye na Kifaru ana mvua."

"Azuiliwe!" Fisi akaangua kicheko, hiii-hi-hi! "Binti, Kifaru hajazidi. Ninyi ndio hamjajifunza kucheza."

"Nijifunze vipi, mzee? Ukucha wake mmoja naweza kuulalia."

"Mbinu, binti, mbinu! Mbona sisi hatuna tatizo naye?"

"Hamna tatizo naye kwa sababu yuko upande wenu!"

Nyati akakohoa. "Tukimzuia Kifaru leo, kesho mtasema Nyati azuiliwe. Keshokutwa Simba. Mwisho tutabaki tukitazama panzi akimkaba senene."

"Na nani atakuja kutazama hayo?" aliuliza Simba. "Hapana. Tusubiri msimu mmoja tuone."

"Mwaka jana pia mlisema tusubiri msimu mmoja."

"Ndiyo," alisema Simba kwa fahari, "na tulisubiri."

Hata hivyo, ili isisemwe kuwa baraza halisikii, waliamua kumpunguza Kifaru nguvu kidogo. Wakamfunga bunda la majani kwenye pembe, kisha wakamwita Ngiri ajaribu kupigana naye.

"Kwa nini mimi?" aliuliza Ngiri.

Puuu! Hakupata hata jibu. Ngiri alipita juu ya uwanja miguu ikitazama mbinguni, akatua kichakani. Kifaru naye akalivuta lile bunda, akalitafuna polepole.

"Mmeona?" alitangaza Fisi. "Baraza limechukua hatua!"

"Na hatua imeliwa," ilisikika sauti ya Ngiri kutoka kichakani.

Bi Pimbi akarudi nyumbani na wifi yake, kichwa chini. Njiani wakamwona Kifaru amesimama mbele ya kichuguu.

"Hujambo, Nyati?" Kifaru alikuwa akikiambia kichuguu. "Mbona umekonda hivyo? Eh? Hunijibu? Haya, kama umenuna, nuna."

Wifi akajiziba mdomo. "Wifi! Haoni! Huyu mzee haoni!"

"Shh! Usicheke. Ngoja kwanza."

Bi Pimbi akaokota jiwe, akalirusha. Pu!

Masikio ya Kifaru yakageuka. "Nani kaanguka huko?"

Bi Pimbi akapanda mwamba, akajiachia mwenyewe mpaka chini mavumbini. Mnajua nyayo za Pimbi zilivyo? Laini kama mkate uliolowa chai. Hakukusikika kitu. Kifaru hakugeuza hata sikio moja.

"Wifi, umeumia?" alinong'ona wifi.

"Kidogo. Twende. Asiyefungika kwa kamba hufungika kwa kiti."

"Kiti gani tena?"

Bi Pimbi akaharakisha mwendo. Alikuwa tayari anatetemeka kwa jambo la kesho.

Kesho yake akaenda kwa Fisi peke yake.

"Bwana Fisi, nimekuja kuomba radhi. Mimi ni mjinga. Kifaru asizuiliwe, Kifaru aheshimiwe. Mpeni cheo cha mwamuzi."

Siku zote mieleka iliamuliwa na kelele za watazamaji. Aliyepigiwa kelele nyingi ndiye aliyeshinda. Mwamuzi hakuwahi kuwapo.

"Akiwa mwamuzi, nani atapigana kwa ajili yangu?" aliuliza Fisi. "Mwaka huu ilikuwa zamu yangu kumlisha!"

Bi Pimbi akasogea, akanong'ona. "Kifaru akipigana, atamwangusha adui yako. Kifaru akiamua, adui yako ataanguka hata akiwa amesimama. Na tumbo lake linamkumbuka nani? Nani alimpelekea majani ya kando ya mto?"

Fisi akajipiga kifua. "Mimi."

"Sasa, wenzako wakianza kulalamika..."

"Neno lake lisirudiwe!" alidakia Fisi. "Tutapitisha hivyo. Neno la mwamuzi halirudiwi! Umeona akili yangu, binti?"

"Nimeiona, mzee. Ila iwe siri."

Kutoka hapo akaenda kwa Nyati, akamwambia yaleyale. Kisha kwa Simba, ila kwa Simba alisimama mbali kidogo. Kila mmoja akamsihi atunze siri. Na Bi Pimbi ni mtunza siri hodari: siri ile moja aliitunza kwa wazee watatu.

Mwisho akamfuata Kifaru. "Shikamoo, mzee. Baraza linataka kukupa kiti."

"Mimi nimezoea kusimama."

"Mwamuzi hulishwa na koo zote, mzee."

Kifaru akaacha kutafuna. "Zote?"

"Kwa zamu."

"Mchana na jioni?"

"Na asubuhi."

"Kiti kiko wapi?"

Baraza lilipokaa, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe wajumbe wote watatu walikubaliana bila kubishana. Kifaru mwamuzi, ndiyo. Neno lake halirudiwi, ndiyo. Wakatazamana wakitabasamu, kila mmoja akiwahurumia wenzake. Kile kichuguu kikasawazishwa juu, na Kifaru akakalishwa juu ya Nyati wake aliyenuna.

Siku ya mieleka ikafika. Mawingu meusi yalikuwa yameshajikusanya nyuma ya Jiwe Kuu. Watoto wa Bi Pimbi walikaa pembeni na shangazi yao, wamebanana.

Koo nyingine zilikuwa zimejitoa kwa woga, wakabaki wapiganaji wanne. Kwanza wakaingia Nyati na Simba. Wakashikana, wakazungushana, vumbi likapanda. Nyati akamkandamiza Simba chini, akajitupa juu yake. PUUU!

"Nyati kaanguka!" alitangaza Kifaru, uso wake ukielekea mtini.

"Mimi? Nimeanguka juu yake! Mwenyewe yuko chini yangu!"

"Kishindo kilikuwa chako. Neno halirudiwi."

Simba akatoka chini ya Nyati akijifuta vumbi, akitabasamu peke yake. Majani yangu hayo, alijisemea. Majani yangu.

Kisha Fisi na Bi Pimbi. Fisi alicheka mpaka mate yakamtoka. Akamnyanyua Bi Pimbi kwa meno, akamrusha. Bi Pimbi akatua kwa nyayo zake. Kimya.

"Mbona hampigani?" aliuliza Kifaru.

"Nimemwangusha!" alisema Fisi.

"Sijaona. Endeleeni."

Fisi akamrusha tena. Kimya. Akamrusha juu zaidi. Kimya! Akamrusha, akamfuata, akamrusha, ulimi ukaanza kuning'inia. Bi Pimbi alichubuka ubavu, akachubuka goti, lakini kila mara alitua kama jani la mkwaju. Mwishowe miguu ya nyuma ya Fisi, ambayo nayo mnajua ilivyo mifupi, ikakataa. Akajibwaga kupumzika. Pu!

"Fisi kaanguka!"

"Nimeketi! Jamani, nimeketi!"

"Neno halirudiwi," waliitikia watazamaji, maana walikuwa wameanza kulipenda neno hilo.

Akabaki Simba. Na Simba, wanangu, si Fisi. Alikuwa ametazama yote, na alikuwa ameshaelewa. Naye pia ana nyayo laini. Akaingia uwanjani ananyatia, akamfunika Bi Pimbi kwa kiganja kimoja, akamlalia polepole, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Hakuna kishindo.

"Umeisha, binti," alinong'ona Simba. "Mimi sianguki. Tutakaa hivi hadi pumzi zikuishe."

Bi Pimbi hakuweza kupumua. Vumbi lilimjaa puani. Kupitia katikati ya vidole vya Simba aliona tone la kwanza la mvua likidondoka, to! mgongoni mwa mwanawe mdogo. Mtoto akajikunyata.

Bi Pimbi akafumbua mdomo. Pimbi ana meno mawili ya mbele marefu kama sindano za mkeka. Akayazamisha yote mawili kwenye nyama laini iliyo katikati ya kiganja. KACHU!

"AAAUUUU!"

Simba aliruka. Waliokuwapo wanasema aliufikia urefu wa mgunga, lakini waliokuwapo husema mengi. Kupanda alipanda. Kushuka akashuka kwa mgongo.

PUUUUU!

Kifaru akasimama kwenye kiti chake. "Hicho hata ningekuwa nimelala ningekiona! Simba kaanguka! Pango ni la Pimbi!"

Watazamaji wakalipuka kwa vigelegele. Baraza nalo likakaa palepale, mvua ikianza kuwadondokea wajumbe.

"Pimbi azuiliwe!" alifoka Fisi. "Amezidi! Haanguki huyu!"

"Mchezo umeharibika," alisema Nyati. "Wadogo wote wataanza kutua kimya. Hakuna atakayewaweza!"

Simba alikuwa akilamba kiganja. "Nakubali. Azuiliwe leo hii. Na kanuni ya mwamuzi ifutwe."

Bi Pimbi akasimama mbele yao. Bado alikuwa anatetemeka, maana wasiwasi hauishi kwa siku moja. Lakini sauti haikutetemeka.

"Wazee wangu, Pimbi hajazidi. Ninyi ndio hamjajifunza kuanguka."

"Binti!" alisema Nyati.

"Mkimzuia Pimbi leo, kesho mtasema Kindi azuiliwe. Keshokutwa panzi. Mimi nasema tusubiri msimu mmoja tuone."

Fisi akamtazama Kifaru, lakini Kifaru alikuwa ameletewa zamu ya jioni na hakuwa anasikia mtu.

Mvua ikaporomoka, shwaaa! Bi Pimbi akawakusanya wanawe na wifi yake, akampitia Ngiri aliyekuwa bado kichakani, wakaingia pangoni. Ndani kulikuwa kukavu, ingawa harufu ya Fisi ilikuwa bado haijahama.

Baada ya muda kivuli kikasimama mlangoni, maji yakichuruzika masikioni.

"Hodi, binti. Hata hapa ukingoni tu?"

"Mzee Fisi, ombi lako nimelipokea," alisema Bi Pimbi, akimfunika mwanawe wa mwisho. "Baraza la pango litalikalia. Sasa hivi tunakaribia kula."

Kanuni uliyoikataa jua likiwaka, wanangu, usiiombe mvua ikinyesha.