Pembe ya Kushoto

Mmeanza. Sijamaliza hata kupukuchua mahindi, vidole vinawaka moto, na nyie mmeshajipanga hapa kama vifaranga: Bibi, ngano! Bibi, ngano! Kuni nilizowatuma ziko wapi? Hakuna. Kula ndiyo mnajua. Haya, sogezeni huo ungo, kila mtu apukuchue huku anasikiliza. Na anayetaka kucheka akachekee nje, maana hii si ya kucheka.

Masikio?

Yapo!

Midomo?

Imefungwa!

Basi ifungeni kweli.

Hapo kale, kale sana, kulungu walikuwa wakidondosha pembe. Ndiyo, usinikodolee macho. Kila mwaka mvua za vuli zikikatika, madume walijisugua kwenye miti, pembe zikaanguka chini. Wakabaki vichwa wazi mpaka nyingine ziote. Watu wakaingia msituni kuziokota, wakachonga vipini vya visu, wakachonga vitana.

Lakini kulikuwa na mwiko. Ukikuta pembe mbili, ya kulia ni yako. Ya kushoto unaigeuza ncha iangalie ardhi, unaiacha. Hiyo ni ya kulungu jike mwenye mimba. Ataitafuna kidogo kidogo, apate maziwa, na ndama aliye tumboni apate mifupa. Kisha unasimama wima, unapaza sauti msitu mzima usikie: "Nimechukua ya kulia! Ya kushoto ipo!" Ndipo unaondoka.

Palikuwa na mtu, jina lake Semhando. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema. Alikuwa mchapakazi, mkimya, na alimpenda mkewe, Kilua. Kilua alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya kungoja sana na kusemwa sana. Semhando akataka mtoto huyo abebwe kwa mbeleko nyekundu, ili wale wasemaji waione toka ng'ambo ya bonde.

Mbeleko nyekundu alikuwa nayo mchuuzi aliyepanda toka nyikani.

"Niletee mzigo wa pembe, wa kumtosha mtu kichwani," mchuuzi akasema, "na kitambaa ni chako. Lakini fanya upesi. Baridi yenu hii itaniua."

Semhando akaingia msituni. Akatafuta kwenye njia za wanyama, akatafuta kwenye miti iliyochubuka maganda. Akakuta pembe mbili. Akachukua ya kulia, akaitia mkobani. Akaitazama ya kushoto. Nzuri, nyeusi, imejipinda kuliko mwenzake. Akasema moyoni, "Leo tu." Akaitia nayo mkobani. Kisha akasimama wima, akapaza sauti:

"Nimechukua ya kulia! Ya kushoto ipo!"

Ndege hondohondo alikuwa juu ya mti. "Semhando we! Ipo wapi?"

"Ipo."

"Wapi? Mbona mimi niko juu na siioni?"

"Na hilo domo lako kama shoka! Kula matunda yako, uache watu wafanye kazi."

Hondohondo akarudia matunda yake. Lakini aliona.

Mzigo haukujaa. Semhando akarudi tena. Safari hii akaenda pale wenzake walipoacha pembe za kushoto, zimeinamishwa ncha chini. Akazing'oa. Akang'oa hii, akang'oa ile, akang'oa na ile. Nyingine zilikuwa zimeshatafunwa ubavu mmoja. Na kila aking'oa, anapaza sauti:

"Nimechukua ya kulia! Ya kushoto ipo!"

Kobe akatoa kichwa chini ya majani. "Baba, hiyo ina alama za meno."

"Wewe kobe, umezaliwa na nyumba yako mgongoni. Shida ya mtu anayetafuta utaijulia wapi?"

"Siijui, baba. Ila hiyo pembe bado ina mate. Aliyekuwa akiitafuna atarudi jioni."

Semhando akaifuta mate kwa majani, akaitia mkobani. Kobe akarudisha kichwa ndani. Lakini alisikia.

Mzigo bado ulikuwa pungufu kidogo tu, na mchuuzi ameshafunga mizigo yake. Semhando akarudi mara ya tatu. Akamkuta kulungu dume, kijana, pembe zake zimenasa kwenye kamba za porini, anahema.

"Nifungue, ndugu yangu," dume akasema. "Chui amepita hapa muda si mrefu."

"Nitakufungua. Nipe pembe."

"Hazijalegea bado. Ngoja mwezi uandame, zitaanguka zenyewe. Njoo uokote ya kwako."

"Mchuuzi hangoji mwezi."

Semhando akamkanyaga shingo. Akashika, akavuta, akavunja. Damu ikamrukia mpaka kwenye nyusi. Dume hakulia. Alisimama, akamtazama, akaingia kichakani na kichwa chake kinachovuja.

Semhando akabaki peke yake. Lakini desturi ni desturi. Akasema, "Nimechukua ya kulia. Ya kushoto ipo." Sauti haikufika hata mti wa pili.

Kilua alipoletewa mbeleko, aliipapasa, akaikunjua, akaikunja.

"Mume wangu, pembe za kulia peke yake ndizo zilizojaza mzigo?"

"Mwaka huu zimeanguka nyingi."

Kilua hakuuliza tena. Kuna maswali mtu huyaacha kwa sababu ana furaha. Hilo lilikuwa kosa lake, dogo, nalo nalitaja.

Mtoto akazaliwa. Wa kike, mnene, miguu haitulii. Siku ya kumtoa nje ikafika. Majirani wakajaa uani, pombe ya miwa ikatoka, Kilua akatoka na mtoto mgongoni, mbeleko nyekundu inawaka juani. Semhando akasimama mlangoni. Alisema moyoni, "Waone sasa."

Mara vigelegele vikakatika.

Kulungu jike alikuwa anaingia uani. Alikuwa anasukuma kitu kwa pua. Anasukuma, anapumzika. Anasukuma, anapumzika. Kumbe ni ndama wake. Macho mazuri, masikio mazuri, na miguu imekunjamana chini yake kama ugali usioiva. Alikuwa amemsukuma hivyo toka kwenye chemchemi ya msituni.

Akafika katikati ya watu. Hakupiga kelele. Akauliza, "Nani ana ya kushoto?"

Kimya.

"Nani ana ya kushoto?"

Kimya.

"Nani ana ya kushoto? Nilirudi jioni, sikuikuta. Nikaenda kwa nyingine, sikuikuta. Nimezaa, na mwanangu hasimami."

Watu wakatazamana. Semhando akafungua kinywa, na kilichotoka ni kile kile alichokizoea. "Mimi nilichukua ya kulia. Ya kushoto ipo."

"Uongo," akasema hondohondo juu ya paa. "Niliona."

"Uongo," akasema kobe mlangoni mwa ua. Na msiniulize kobe alifikaje, aliondoka mapema. "Nilisikia."

Yule dume naye akaja. Aliingia tu, akainamisha kichwa, watu wote wakaona vidonda.

Semhando akamgeukia mkewe. "Kilua, ilikuwa kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani?" Kilua akauliza. "Hapa naona wawili."

Akamshusha mwanawe, akampa jirani. Akaifungua ile mbeleko. Akampiga nayo mumewe kifuani.

"Haya. Mbebe. Umemchukulia miguu yake, basi uwe miguu yake. Siku akisimama mwenyewe, urudi nyumbani nikupikie."

Hakuna aliyemtetea. Hata mama yake mzazi alitazama chini. Semhando akapiga magoti, akamfunga ndama mgongoni kwa mbeleko nyekundu, akamfuata kulungu jike.

Toka mwaka ule kulungu waliapa. Hawadondoshi tena pembe. Kulungu anakufa nazo kichwani, na anayezitaka hana budi akabiliane na ncha zake.

Na Semhando? Alimpeleka ndama kwenye majani, alimpeleka kwenye maji, alikimbia naye chui akinguruma. Ndama alikua, akawa mzito, mgongo wa Semhando ukapinda. Mbeleko ikapauka, ikawa rangi ya vumbi. Ndama hakusimama. Mifupa isiyofanyika tumboni haifanyiki nje.

Fungu lako chukua. Fungu lililoachiwa ambaye hajazaliwa, usiliguse, hata kwa ajili ya mwanao. Ndilo somo, sina jingine.

Siku moja, binti ya Semhando alisimama kando ya kijito, akaachia kidole cha mama yake, akatembea. Majirani wakapiga makofi. Ng'ambo ya kijito Semhando alikuwa ameinama, anamnywesha ndama. Aliinua uso, akaona zile hatua. Hata makofi hakuweza kupiga. Mikono yote miwili ilikuwa imemshikilia mtoto wa mwenzake.

Ngano nimeitua hapa. Nusu ni yenu, bebeni. Nusu iacheni palepale, kuna watakaokuja.