Daktari wa Maboga

Mwaka ule mawingu ya masika yalipita juu ya bonde la Kitojo bila kudondosha tone. Nyasi zilikauka mpaka zikawa zinavunjika zikikanyagwa, na mto ukabaki chemchemi moja ndogo chini ya mawe. Wanyama walikonda. Wenye nguvu walitoka asubuhi kwenda mbali kutafuta chakula. Waliobaki nyumbani, wazee na wagonjwa na kina mama wenye watoto wachanga, walisubiri kuletewa, na mara nyingi hawakuletewa kitu.

Aliyechoka kuitazama hali hiyo alikuwa Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa mwenye sauti ya kuamsha bonde zima. Alipanda juu ya kichuguu akapiga kelele mpaka wote wakaja.

"Jamani, maji ya chemchemi tunakunywa na mengine yanabaki," alisema. "Yanayobaki yanapotelea mchangani bure. Mimi nina mbegu za maboga nilizoziweka. Tuanzishe chama cha bustani. Tulime pamoja, tumwagilie kwa pamoja, na tukivuna, wa kwanza kula wawe wale wasioweza kutoka nyumbani."

"Na sisi wenye nguvu?" akauliza Fisi.

"Mtakula baada yao."

"Baada yao papo hapo, au baada yao kesho?"

Wanyama wakacheka. Fisi walimjua. Huyu ndiye aliyewahi kwenda kutoa pole msibani akaondoka na sufuria.

Simba naye akatikisa manyoya ya shingo yake. "Chama kisicho na mkubwa hakiendi popote. Mimi nitakuwa mlezi wenu."

"Mlezi analima?" akauliza Sungura, akimtazama kwa macho ya upole.

"Mlezi anahutubia."

Basi Simba akahutubia, na wengine wakalima. Swala walivunja madongoa kwa kwato. Nguruwe pori alichimbua mashimo kwa pua, akasifiwa sana mpaka akachimba hata pasipotakiwa. Sungura alikata miiba akazungushia uzio. Na Kobe, aliyekuwa mpole na mwenye subira kuliko wote, aliomba kazi ya kumwagilia. Alifungiwa kibuyu mgongoni, akawa anakwenda chemchemini na kurudi, taratibu, maji yakimtiririkia mkiani. Alipofika shambani nusu ya kibuyu ilikuwa imemwagika njiani, lakini hakukosa hata siku moja.

Mbegu ziliota. Mashina yakatambaa, yakatoa maua ya manjano, na chini ya majani mapana maboga yakaanza kujaa. Moja lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Hilo lilikuwa la Bibi Nyati, ajuza asiyeona na asiye na meno, aliyeishi peke yake karibu na Kobe. Kila alipolimwagilia, Kobe aliliambia, "Kua, mwanangu, kua. Bibi anakusubiri." Kisha alipitia kwa Bibi Nyati kumweleza limefikia ukubwa gani, na Bibi alilipima kwa kunyoosha kwato zake hewani na kucheka.

Kazi ya kulinda mchana, jua linapowalaza wote vivulini, aliiomba Fisi mwenyewe. "Mimi usingizi wa mchana siujui," alisema. Walimshukuru.

Alasiri moja Fisi alikuja mbio, mikono kichwani. "Msiba, jamani! Msiba!"

Wanyama wakakurupuka. "Nani kafa?"

"Boga! Limepatwa na ndui ya maboga. Mjomba wangu kule ng'ambo ya mlima alipoteza shamba zima kwa ugonjwa huu. Ukiacha boga moja tu lenye ndui, kesho yote yanakwenda."

Bi Kanga alishika kifua. "Dawa yake nini?"

"Haina dawa. Chochote kilichopata ndui kinatakiwa kizikwe siku hiyo hiyo, bila kusubiri wala kubishana. Na asiyejua namna ya kukizika asikiguse, maana inaambukiza."

"Nani anajua namna yake?"

Fisi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Kwa ajili ya chama, nitajitolea."

Bi Kanga akaitangaza kuwa sheria, kwamba chochote kilichopata ndui kizikwe siku hiyo hiyo. Fisi akalibeba boga mpaka kwenye kichaka cha mbali, na wanyama wakamfuata kwa huzuni mpaka pale alipowaambia wasimame. Simba, ambaye hakupenda nafasi ya kusema impite, akajisafisha koo.

"Wanachama wenzangu, boga hili limetutoka likiwa bado bichi..."

Alisema mengi. Fisi alisubiri huku mate yakimchuruzika, akiyafuta kwa kiganja. "Mwoneni maskini," alinong'ona mama Swala, "analia mpaka machozi yanatokea mdomoni." Hotuba ilipokwisha, Fisi aliingia kichakani na mgonjwa wake. Alipotoka, kulikuwa na kilima kidogo cha udongo, na yeye alikuwa ametulia kama mtu aliyetimiza wajibu.

Tangu hapo ndui haikupumzika. Leo boga hili, kesho kutwa lile. Fisi sasa aliitwa Daktari, na hakukataa. Alipita kwenye matuta akiweka sikio juu ya maboga, akitikisa kichwa, akiguna. Simba alizidi kuzipenda hotuba zake, akawa anazifanyia mazoezi asubuhi pangoni. Vilima vya udongo viliongezeka kichakani, na shambani maboga yakazidi kupungua. Mama Swala, mwenye mapacha wachanga, aliacha kuuliza zamu yake itafika lini.

Hatimaye Daktari alisimama mbele ya boga kubwa. Akaliwekea sikio. Akafumba macho.

"Na hili pia," alisema.

Kibuyu kilimwanguka Kobe. "Hapana, Daktari. Jana lilikuwa zima. Nimelishika mwenyewe."

"Umelishika? Kanawe haraka."

"Lisikilize tena, nakuomba. Hili ni la Bibi. Sasa hivi yuko mlangoni ananisubiri nimwambie habari zake. Nitakwenda kumwambia nini?"

"Mwambie ni kazi ya Mungu," alisema Fisi, na tayari alikuwa amekishika kikonyo ili akikate.

Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba lake asije akaonekana akilia. Ni hapo Sungura, aliyekuwa amesimama karibu kabisa na Daktari, alipoona mbegu ya boga imenasa kwenye sharubu za Fisi. Akaitazama ile mbegu. Akateremsha macho taratibu akalitazama na tumbo. Bondeni kote mbavu za wanyama zilikuwa zinahesabika, ila tumbo la Fisi lilikuwa limejaa, limekaza, linang'aa.

Sungura angeweza kupiga kelele pale pale. Lakini alijua Fisi ana jibu la kila kelele. Akasogea kwa adabu.

"Samahani, Daktari. Sisi wengine hatukusoma. Tueleze dalili za ndui, ili usipokuwepo tuweze kuitambua."

Fisi alipenda kuulizwa. "Swali zuri. Kwanza mgonjwa anavimba."

"Anavimba," akarudia Sungura, akiwageukia wenzake. "Sikieni jamani. Halafu?"

"Anakuwa wa mviringo. Ngozi inakaza, inang'aa. Anakuwa mzito, hata kumsogeza ni shida."

"Na ukimgonga?"

"Analia kama ngoma. Ndu, ndu. Huyo hana maisha."

"Na kweli inamwambukiza anayemgusa mgonjwa?"

"Vibaya mno! Ndiyo maana siwaruhusu msogee. Mnafikiri napenda kwenda kule peke yangu?"

"Ole wetu!" Sungura alilia kwa sauti, akajitupa miguuni pa Fisi. "Ole wetu, tumempoteza Daktari!"

"Nini?" akauliza Fisi.

"Mtazameni, jamani! Si amevimba? Si amekuwa wa mviringo? Ngozi si imekaza?" Sungura aliinua kiganja akamgonga tumboni.

Ndu.

Wanyama wote wakarudi nyuma kwa pamoja.

"Hiyo ni... hiyo ni gesi," alisema Fisi.

Sungura akagonga tena. Ndu, ndu.

"Maskini Daktari," alisema mama Swala, na safari hii yeye ndiye aliyelia kwa kweli. "Amejitoa kwa ajili yetu mpaka imempata."

Bi Kanga alifuta jicho kwa bawa. "Tulikubaliana wote. Chochote kilichopata ndui kizikwe siku hiyo hiyo, bila kusubiri wala kubishana. Nguruwe, chimba."

Nguruwe pori alikuwa ameshaanza. Udongo uliruka kama mvua.

"Subirini!" Fisi alipiga kelele. "Ile sheria ni ya maboga!"

"Tulisema chochote," akasema Bi Kanga.

"Mimi nina kinga! Madaktari tuna kinga!"

Simba alipanda juu ya tuta, akajisafisha koo. "Wanachama wenzangu, Daktari wetu ametutoka akiwa bado..."

"Sijafa!"

"Tafadhali usinikatize. Hii ni nzuri kuliko zote."

Kishimo kilikuwa kimeshafika magotini mwa Nguruwe. Swala walikuja na matawi marefu, wakaanza kumsukuma Fisi kwa mbali ili wasimguse. Alijaribu kukimbia, lakini tumbo lilikuwa zito. Alikwenda hatua chache akakaa chini akihema. Wakamsogeza. Miguu yake ya nyuma ilipofika ukingoni na udongo ukaanza kuporomoka chini yake, Fisi alipaza sauti iliyosikika mpaka chemchemini.

"Siumwi! Nimeshiba!"

Matawi yakasimama. Nguruwe akainua pua yenye udongo. Hata Kobe alitoa kichwa.

"Umeshiba nini?" akauliza Bi Kanga, polepole.

Fisi akatazama chini. Ile mbegu ilidondoka kwenye sharubu zake, ikaanguka katikati yao.

Simba aliiacha hotuba yake katikati. Alishuka kwenye tuta, akavuka uzio, akaenda mpaka kichakani, na wote wakamfuata, Fisi akisukumwa nyuma yao kwa matawi. Kwa makucha yake mwenyewe, ambayo hayakuwahi kugusa udongo wa bustani, akafukua kilima cha kwanza. Ndani mlikuwa na kikonyo cha boga, basi. Akafukua cha pili. Kikonyo. Alifukua vyote, manyoya ya shingo yake yakajaa vumbi, na kila alipofukua alikumbuka maneno mazuri aliyoyasema pale.

"Nimevihutubia vikonyo," alisema mwishoni kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Kisha akageuka, na sauti yake ya kawaida ikarudi. "Fisi yuko wapi?"

Angemrarua. Lakini Bi Kanga alijirusha katikati, mabawa wazi.

"Mzee, ukimuua tutashiba? Bustani bado ina maboga, na Kobe amechoka. Mfungieni huyu kibuyu."

Wakamfungia. Kuanzia siku ile Fisi ndiye aliyeteka maji, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa mirefu, kibuyu kilifika kimejaa. Maboga yaliyosalia yakanenepa. Simba alianza kuja shambani asubuhi kupalilia, kimya kabisa, na akigundua kwamba anatazamwa alijifanya anajinyoosha.

Siku ya mavuno ilipofika, mama Swala alikuwa wa kwanza kupewa, akaondoka akikimbia kuwawahi mapacha wake. Boga kubwa lilipikwa, likapondwa laini, likatiwa kwenye bakuli na maganda yake pembeni, na Bi Kanga akaamuru Fisi alibebe mpaka kwa Bibi Nyati. Sungura alitembea nyuma yake kwa karibu sana. Kobe alikuwa ameondoka mapema ili awahi kufika nao.

Bibi Nyati alikaa mlangoni, akanusa. "Nani ameniletea?"

"Ni mimi, Bibi. Fisi."

"Fisi?" Bibi akanyoosha kwato, akapapasa bakuli upande huu na upande ule. "Na limefika lote?"

"Limefika, Bibi," alisema Kobe.

Basi akala. Alikula taratibu, bila haraka yoyote, akimung'unya kila tonge kama anayelisikiliza, na Kobe akawa anamtazama, macho yake madogo yaking'aa. Fisi alisimama kando. Alitazama bakuli likipungua. Akameza mate. Akatazama mbali. Akatazama tena. Mwishowe alishindwa kujizuia.

"Bibi," alisema kwa sauti tamu, "haya maganda hapa pembeni, unayatupa?"

"Hayatupwi, mwanangu," alisema Bibi Nyati, akijifuta mdomo. "Kobe ananiambia yanakwenda shimo la mbolea."

"Ndiyo," alisema Sungura, akimpa Fisi kapu. "Na zamu ya kuyapeleka ni yako."