Mtoto wa Mwaka wa Nyoka

Mpo? Sogeeni basi, na mlango ufungwe.

Palikuwa na mzazi kijana, Mwanakheri, arobaini yake haijaisha. Kwenye ukuta wa chumba chake wazee walijengea sahani ya Kichina. Siku hiyo sahani ikasema, "Kwa hesabu ya miaka ya kwetu Uchina, mwanao kazaliwa mwaka wa nyoka."

Nyoka! Amnyonyeshe au amkimbie? Hakujua.

Zimwi lilisikia, likabisha hodi. "Nyoka hafugwi, mwanangu. Nipe nikakutupie."

"Sitoi!"

Likabisha tena. "Atakuuma."

"Sijui, lakini sitoi!"

Mara ya tatu likavunja mlango.

"Wee sahani, nyoka maana yake nini?" Mwanakheri akalia.

"Kwetu ni mwenye akili. Hujivua gamba akaenda zake."

Zimwi likamnyakua mtoto na kanga aliyoviringishiwa, likambana, likatoka mbio. Kumbe limebeba kanga tupu! Mtoto kateleza, yuko kitandani uchi, anacheka.

Mwanakheri akamkagua shingo, mgongo, vidole. Ngozi ya mtoto tu.

"Sasa wewe ni nani, baba?"

Mtoto akatafuta titi. Akampa.

Yangu yameishia hapo. Aliyeelewa anieleze na mimi.