Mwandika Vibao na Mlango Usio na Jina

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chenye ubora hakihitaji kupigiwa makelele, kwa kuwa sifa zake huwafikia watu zenyewe, ilhali kitu hafifu hakina budi kuzunguka kikijisifu. Ni methali tamu masikioni mwa wengi, lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila alipoisikia aliona ametukanwa. Mtu huyo alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka, na hebu niambieni, ikiwa kizuri chajiuza, fundi wa vibao atakula nini?

Katika mji wao mdogo alijulikana kama Fundi Herufi. Vinyozi, wauza vipuri na hata daktari wa meno walikuwa wamepitiwa na brashi yake. Mlango mmoja tu ulikuwa umemshinda, nao ulikuwa wa mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na chumba chake cha cherehani hakikuwa na kibao tangu siku alipokifungua. "Suruali ikimkaa mtu vizuri, yeye ndiye kibao changu, tena kinatembea," alizoea kusema, kisha humalizia kwa methali ile ile, akimtupia mumewe jicho la utani. Fundi Herufi hununa, na wateja waliokaa wakingoja kupimwa huangua kicheko.

Kisha mwanamke huyo akaugua. Homa ndefu ilimlaza katika hospitali ya jiji la mbali, na ilipoondoka, iliondoka na hamu yake ya kula. Kila sahani iliyowekwa mbele yake aliigusa kidogo, akaisogeza kando na kusema, "Nimeshiba." Neno hilo lilimchoma mumewe kuliko kilio. Mara moja tu, akiwa wodini, aliona kwenye televisheni mpishi akifinyanga matonge madogo ya wali na kulaza juu yake vipande vya samaki mbichi, na mate yakamjaa kinywani.

"Kile kinaitwaje?" aliuliza.

"Sushi," muuguzi alimjibu.

"Nikipona nitakionja. Nataka kujua kina ladha gani."

Ndiyo maana siku waliyorudi jijini kwa kipimo cha mwisho, jambo la kwanza alilomuuliza daktari halikuhusu dawa.

"Ugonjwa umekwisha, mama," daktari alisema. "Kilichobaki ni kula. Usipokula nguvu hazirudi, na tutaonana tena hapa, jambo ambalo mimi silitaki."

"Hata samaki mbichi, daktari?"

"Akiwa wa leo na mahali pakiwa safi, kula. Kula chochote ambacho roho yako inataka."

Mumewe hakuyasikia yote hayo vizuri. Alikuwa amesimama mlangoni akikoleza herufi moja iliyofifia kwenye kibao cha kuelekeza famasia, kwa maana hakusafiri kamwe bila brashi zake na kikopo cha rangi nyeusi mfukoni. Lakini jambo kubwa alilifahamu. Kesho asubuhi wangepanda basi la kurudi kwao, na kwao hapakuwa na mkahawa hata mmoja wa sushi. Mkewe alibakiwa na hamu moja tu duniani. Tonge la kwanza likiwa baya, hata hamu hiyo ingekufa, na hapo angemlisha nini?

"Niachie mimi," alimwambia mkewe walipotoka. "Mkahawa unasomwa kwa kibao chake. Mtu asiyejali jina lake atajali tumbo lako?"

Mkewe alitabasamu tu. Alikuwa na shauku ya kuonja, si ya kubishana.

Hawakutembea sana kabla ya Fundi Herufi kusimama ghafla, mkono kifuani. Mbele yao kulikuwa na kibao kilichochukua upana wa jengo zima, herufi nyekundu zenye kingo za dhahabu na kivuli kilichochorwa kwa uangalifu. Chini yake alisimama mpiga debe aliyevaa fulana nyekundu yenye jina la mkahawa, sauti yake ikivuka barabara na kurudi.

"Karibuni, karibuni! Sushi ya wafalme! Jiji zima halina kama hii! Mzee wangu, mama yangu, ingieni, viti vinaisha!"

"Huyu tumwite Tarumbeta," mke alinong'ona.

Viti havikuwa vinaisha. Ndani mlikuwa na meza nyingi na watu wachache, na picha za sushi ukutani zilikuwa kubwa kuliko madirisha. Sahani ilikuja upesi mno. Mke alichukua tonge moja, akalitazama kila upande kama anavyotazama pindo la nguo, akalitia kinywani. Wali ulikuwa baridi na mgumu kama uliolala kwenye friji tangu jana. Punje zilitawanyika mdomoni, na ladha pekee aliyoipata ilikuwa chumvi ya sosi. Alitafuna, akameza kwa shida, akasogeza sahani.

"Nimeshiba," alisema.

Fundi Herufi alihisi moyo umemshuka. Hata hivyo, mtu wa kazi yake hakati tamaa kwa kibao kimoja. "Kosa ni langu," alisema walipokuwa nje. "Dhahabu ilizidi. Mwandiko wenye makeke huficha kitu. Tutafute wenye adabu."

Mwandiko wenye adabu ulipatikana mtaa wa pili. Kilikuwa kibao cha mbao, herufi nyembamba nyeupe, nafasi kati yake zimepimwa hivi kwamba fundi alikaribia kuvua kofia. Pembeni kulikuwa na bango dogo lililodai kwamba waliokula hapo hawakula tena kwingine. Walikaa, wakaletewa sahani nyeusi iliyopangwa vizuri kuliko dirisha la duka la vito. Mke aliinama kuitazama kwa karibu. Pua yake ilifika kabla ya mkono, na harufu iliyompokea ilimfanya aweke leso mdomoni. Samaki yule hakuwa wa leo. Hata ushahidi kwamba alikuwa wa jana haukuwapo.

Waliketi kwenye benchi la bustani ndogo iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Adhuhuri ilikuwa imepita. Mke alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa wodini.

"Turudi gesti nikalale," alisema. "Nimeshakionja, yatosha. Si kila kinachopendeza kwenye televisheni ni chakula."

Fundi Herufi aliogopa. Alikuwa ameahidi kitu kimoja tu, na mikono yake iliyojua kila herufi haikujua hata mlango mmoja wa kumpeleka.

Hapo ndipo mkewe alipoinua kichwa. "Baba watoto, hebu tazama. Yule si Tarumbeta?"

Alikuwa yeye. Alivuka bustani kwa haraka, fulana yake nyekundu ameigeuza ndani nje ili jina lisionekane, akiangalia nyuma kama mtoro.

"Ni yeye. Basi?"

"Anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwake. Kwani wewe askari?"

"Ni saa yake ya kula," mke alisema, na kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri macho yake yalichangamka. "Na mkahawa wao uko kule alikotoka. Mtu anayekimbia chakula cha kazini kwake ana sababu. Mimi nataka kuijua hiyo sababu."

"Umechoka, mke wangu."

"Nimechoka kula vibao vyako. Miguu yangu haina neno. Inuka!"

Wakamfuata kwa mbali, yeye mbele, mumewe nyuma akiona haya. Tarumbeta alipita duka la ndoo, akakata kona kwenye karakana ya baiskeli, akaingia kichochoro ambacho mgeni hawezi kukidhania. Mwishoni kulikuwa na mlango wenye pazia la buluu lililofuliwa mpaka likapauka. Pembeni yake, watu wawili watatu walisimama kimya wakingoja nafasi. Fundi Herufi alitazama juu ya mlango, akashtuka kama aliyeona mtu amekaa uchi. Kulikuwa na ubao mdogo wa kijivu ulioliwa na jua miaka mingi. Hapakuwa na jina, hapakuwa na hata mkia wa herufi moja.

"Hapa siingii," alisema.

"Basi ningoje nje," mke alijibu, akashika nafasi kwenye foleni.

Zamu yao ilipofika, mumewe aliingia naye, bila shaka. Ndani kilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao iliyosuguliwa ikang'aa, na viti vichache tu. Hapakuwa na harufu ya samaki, ila ya siki na wali mpya. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, si kwa damu bali kwa mazoea. Alikuwa akiugeuza wali ndani ya beseni la mbao kwa mkono mmoja na kuupepea kwa mkono wa pili. Tarumbeta alikuwa kwenye kiti cha mwisho, mashavu yamejaa. Alipowaona alisita kutafuna.

"Wewe kijana," Fundi Herufi alisema, "si ndiwe uliyetuambia jiji zima halina sushi kama yenu?"

Tarumbeta alimeza, akainamisha kichwa. "Mzee wangu, nisamehe. Kule nafanya kazi. Hapa nakula."

Kaunta nzima ilicheka, na mke wa fundi alicheka kuliko wote. Shangazi alimtazama, akaona nguo zinavyomning'inia na mabega yalivyochongoka.

"Mara ya kwanza, mama?"

"Ya kwanza iliyo ya kweli," alijibu. "Hizo nyingine hatuzihesabu."

"Basi nitakufinyangia madogo. Achana na vijiti, tumia mkono. Na nikiweka, kula papo hapo, usiwangoje wengine. Heshima ya sushi ni kutongojeshwa."

Aliweka tonge la kwanza. Mke alilishika, akashangaa. "Lina joto!"

"Joto la kiganja tu. Wali ukipoa kabisa unakufa, na wali ukifa samaki hawezi kuufufua."

"Na siki ni ya nini?"

"Kula kwanza, kisha uniulize."

Alikula. Alifumba macho. Punje zilishikana mpaka zilipofika ulimini, ndipo zikaachana taratibu, na samaki akafuata, mwororo, mwenye utamu wa mbali ambao hakuwahi kuukuta kwa samaki wa kukaanga. Fundi Herufi alishika ukingo wa kaunta akisubiri neno lile aliloliogopa. Mke alifumbua macho.

"Lingine lipo?" aliuliza.

Likaja lingine, na jingine baada yake. Aliuliza habari za siki, akaambiwa. Aliuliza habari za jani jeusi lililoviringishwa kwenye tonge, akaambiwa ni mwani uliokaushwa. Aliuliza kisu kinanolewa vipi, akaeleza naye anavyonoa mkasi wake, na wanawake hao wawili wakazungumza kama mafundi waliojuana zamani. Mikono ya mke haikuacha kwenda kinywani. Mumewe alisahau sahani yake mwenyewe. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakujali Tarumbeta anamwona.

"Unalilia nini na wewe?" mke alimwuliza.

"Unakula," alisema. "Mama watoto, unakula!"

"Basi usinikatishe. Bado sijashiba."

Shangazi alikwangua beseni, akafinyanga tonge la mwisho, akamwekea. Nje pazia lilifunuliwa na sauti ikauliza kama kuna nafasi. Shangazi aliacha kisu, akaenda mlangoni. Walimsikia akisema samahani, wali umekwisha, nao waliokuwa nje wakimbembeleza. Alirudi akiwa mnyonge.

"Napika kiasi cha mikono yangu, nami sina mikono mingine," alisema. "Lakini kila siku kusema samahani mara chungu nzima kunanichosha kuliko kupika."

Fundi Herufi alipangusa macho, akaona nafasi ya kulipa fadhila. "Dada yangu, nikuandikie kibao, bure kabisa. Jina kubwa, lionekane tangu bustanini!"

"Ahsante, kaka. Kilikuwapo. Jua lilikila, na watu hawakupungua hata mmoja. Sasa nikiwaita wengine, nitawalisha nini?"

Fundi alisikia sauti ya mkewe kabisa, ila imetoka kwenye kinywa kingine. Mke alilamba kidole chake taratibu, akamgeukia.

"Mwandikie samahani yake," alisema.

Akaelewa. Aliomba ngazi, akaushusha ule ubao wa kijivu, akaufuta, akapiga magoti kichochoroni na kutoa brashi zake. Hakuwahi kuandika kwa uangalifu namna ile. Kila herufi aliipa kifua na kiuno, na nukta ya mwisho aliiweka akiwa ameshika pumzi. Rangi ilipokauka, Shangazi aliutundika ubao kwenye msumari wa pembeni mwa mlango: WALI UMEKWISHA. TUSAMEHE, KARIBU KESHO.

Hawakukaa sana kabla ya kufika bwana mmoja mwenye mkoba, mbio mbio. Alisoma, akalegea mabega, akasoma tena. "Kesho nitawahi," alijiambia, akarudi alikotoka. Tarumbeta, ambaye alikuwa akigeuza fulana yake kabla ya kurudi kazini kupiga kelele, alitikisa kichwa kwa wivu.

"Maisha yangu yote nimeandika vibao vya kuita watu," Fundi Herufi alisema. "Hiki ndicho cha kwanza cha kuwarudisha."

"Na ndicho cha kwanza nilichokiamini," mkewe alijibu, akamshika mkono ili amwegemee, akaongeza kuwa usiku angependa kula tena.

Fundi Herufi alitazama nyuma mara moja tu, kwenye mlango usio na jina ambao watu walikuwa wakiujia wenyewe na kuondoka wakiahidi kurudi, huku sauti ya Tarumbeta ikianza upya ng'ambo ya bustani, ikiwaita wapita njia waende kwenye viti vitupu. Hakununa tena. Alikiri kwa kinywa chake mwenyewe, mkewe akisikia, kwamba kweli kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.