Kiti cha Mgeni wa Majilio

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana redio zilikuwapo, paliishi jumuiya moja ya Wakristo katika milima ya Umatengo. Majilio yakianza, zile wiki nne za kungoja Noeli, kila nyumba iliweka mezani kiti kitupu na sahani ya Mgeni. Walisema Bwana haji na tarumbeta, anaweza kupita hata Jumanne mchana unachambua maharage. Aliyempokea mgeni ndiye aliyewasha mshumaa wa nne kanisani, Dominika ya mwisho. Asipokuja mtu, katekista aliuwasha mwenyewe, watu wakaenda kula.

Bibi Gaudensia, mjane, aliweka kiti miaka arobaini. Miaka arobaini sahani yake ikaliwa na kuku. Mwaka huo magoti yalikuwa yamemwisha, akamwambia jirani yake Skolastika, "Mwanangu, Majilio mengine sijui kama nitayaona. Natamani niuwashe mara moja tu."

Jumamosi ya kuamkia Dominika hiyo ya mwisho akapika ugali na maharage, akaweka sahani, akaacha mlango wazi, akaenda kanisani kuungama.

Huku nyuma mvua ikanyesha. Kasto mchoma mkaa, ambaye hakanyagi jumuiyani, akamkuta mzee asiyemjua ameanguka mtaroni, mguu unavuja damu. Akambeba mgongoni mlima mzima, akiutukana utelezi kila hatua. Kwake hakukuwa na hata unga. Akamtua mlangoni pa Gaudensia.

"Ingia, baba. Bibi huyu mwezi huu hafungi mlango. Usiniulize kwa nini."

Akaenda zake. Mzee akaingia, akakaa kwenye kiti, akaimaliza sahani.

Skolastika akapita, akaona mtu anatafuna. Akapiga yowe, "Mwizi! Mwizi kwa bibi!" Kisha akauona ule mguu, na aibu ikamshika. Akachemsha maji, akamwosha, akachana khanga aliyoitunza kwa ajili ya Noeli, akamfunga jeraha.

Gaudensia aliporudi, Mgeni alikuwa amelala kitini, kashiba. Bibi akacheka, akalia, akacheka tena. Furaha yake ilikuwa kubwa kweli.

Asubuhi kanisani, mishumaa mitatu ikiwaka, katekista akashika kiberiti. "Haya, nani aliyempokea?"

Gaudensia akasimama. "Alikula chakula changu, akalala kwenye kiti changu, na mlango niliuacha wazi mimi. Sikuwapo, ndiyo. Lakini kumngoja nimemngoja miaka arobaini."

Skolastika akasimama, hataki kumtazama bibi usoni. "Bibi, nakupenda, lakini kiti hakioshi jeraha. Nilimwita mwizi, nakiri. Lakini nilipiga magoti nikamwosha, na Noeli hii sina khanga."

Kasto alikuwa mlangoni. "Mimi nimekuja kumjulia hali mzee tu, mshumaa wenu siujui. Ila mkiniuliza, bila mgongo huu angekuwa mtaroni mpaka sasa."

"Wewe hata Baba Yetu umeisahau!" mtu akamrushia, na kanisa zima likacheka, Kasto naye akacheka.

Wakamgeukia mzee mwenyewe, aliyekaa benchi la mbele. Akatikisa kichwa. "Nilikuwa naenda kwa binti yangu, basi. Mgongo ulinifaa, maharage yalinifaa, maji yalinifaa. Msinigombanishe na watu wema."

Kwaya ikasubiri. Padre naye akasubiri. Katekista akatoa njiti moja, akamtazama bibi, akamtazama Skolastika, akamtazama Kasto, na mkono wake usijue uende wapi.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msinikodolee macho, msaidieni mwenzenu. Yupo aliyemngoja Mgeni maisha yake yote, na Mgeni alipokuja hakumkuta nyumbani. Yupo aliyembeba wala hakuwa akimngoja. Na yupo aliyemwita mwizi, kisha akamwosha miguu.

Je, ni nani aliyempokea? Njiti hiyo apewe nani?