Jino la Lumi

Hapo zamani, wakati mtu akivuka mlima mmoja tu alijikuta ugenini, msichana wa pwani aitwaye Siwatu alikwenda nchi ya baridi kujifunza kufuma mablanketi ya sufu. Alipokelewa na mama mmoja mwenye mtoto wa pekee, Lumi, binti aliyefikia umri wa kung'oka meno.

Siwatu hakuijua lugha ya huko. Akitaka maji alionyesha mtungi. Akisikia baridi alitetemeka mpaka mtu aelewe. Lumi alimtazama, akamwambia mama yake, "Mama, huyu ni mkubwa lakini hajui kusema. Hajui hata kujifunga blanketi. Huyu ni mtoto. Naomba awe mtoto wangu."

Mama akacheka. "Mchukue. Ila umlee vizuri."

Lumi akamlea. Akamfunga blanketi. Akamfundisha: hizi kuni, huu moshi, huyu kondoo. Akamlisha uji, akipuliza kila kijiko. Siwatu akikosea, Lumi alimgombeza: "We mtoto! Nimekwambia usikae mlangoni, upepo!" Na Siwatu, aliyewaacha wadogo zake pwani na kuwalilia kila jioni, alijikuta akicheka kabla machozi hayajaanguka. Akawa mtoto mtiifu, na neno kwa neno akaijua lugha.

Sasa nchi ile ina desturi yake. Mtoto aking'oka jino la kwanza, mtu mmoja asiye mzazi wake hulirusha juu ya paa, na tangu hapo huitwa mama wa jino au baba wa jino. Mtoto akiugua, ataitwa. Mtoto akiposwa, ataulizwa. Yeye mwenyewe akija kutoka mbali, atafunguliwa mlango bila kuulizwa jina. Lakini mgeni asiye na jino, akishaondoka, ni mpita njia. Akirudi atabisha hodi kama wapita njia wengine. Siwatu alilijua hilo, na msimu wa kurudi kwao ulikuwa umekaribia.

Basi jino la Lumi likalegea, fizi ikavimba. Lumi akafumba mdomo, akakataa kuangaliwa na mtu.

Bibi yake, Bibi Tamasa, akamkanda shavu kwa kitambaa cha moto, akamnywesha mchuzi kidogo kidogo, asubuhi na jioni. "Meza tu, mjukuu wangu. Jino tutalizungumza kesho." Bila mchuzi ule, mtoto asingekuwa na nguvu hata ya kusimama.

Mjomba wake, Dero, fundi wa kufuma, akaja na uzi mwembamba. "Mpwa wangu, mimi nafunga fundo ambalo jino lenyewe halijui kama limefungwa. Fungua mdomo." Lumi akatikisa kichwa.

Siwatu akamwita nje. Mbele ya nyumba palikuwa na kijito, na juu yake gogo la kuvukia. Tangu aje, Siwatu hakuwahi kulikanyaga. Alizunguka mbali kwa hofu, na watu walimcheka.

"Mama," alimwambia Lumi, "mimi naogopa gogo. Wewe unaogopa uzi. Nikivuka, utafungua mdomo?"

"Utaanguka!"

"Nishike mkono."

Wakapanda. Katikati, Siwatu akasimama, akayakodolea maji macho, wala hakuwa anaigiza. Lumi akageuka. "Usiangalie maji, mtoto wangu. Niangalie mimi."

Wakafika ng'ambo, penye marundo ya sufu iliyokatwa. Lumi akakaa chini, akaachama. Dero, aliyewafuata pamoja na bibi, akafunga uzi, akavuta mara moja, jino likaruka na kupotelea ndani ya sufu. Bibi Tamasa akainama, akaichambua sufu shungi kwa shungi mpaka akalipata.

Jioni wakakaa kulizungumza: nani alirushe?

"Mimi nilimtunza," alisema bibi, "na jino nimeliona mimi, kwa macho yangu haya mabovu."

"Mama, mchuzi haung'oi jino," alisema Dero. "Mkono ulioling'oa ni huu. Tena mimi nipo hapa kila siku. Huyu binti anaondoka. Mtoto akiugua tutamwitaje? Tupige kelele mlimani?"

Siwatu akasema, "Ni kweli, mjomba, nitakuwa mbali. Lakini ninyi mtabaki bibi na mjomba hata jino likipotea. Mimi bila jino hili sina jina katika nyumba hii. Na gogo nililivuka."

"Ukiwa umeshikwa mkono na mtoto!"

"Ndiyo. Ndivyo nilivyovuka."

Mama akamgeukia Lumi. "Wewe unasemaje?"

Lumi akafikiri. "Bibi ni bibi yangu. Mjomba ni mjomba wangu. Na huyu ni mtoto wangu. Mtoto wangu atakuwaje mama yangu?"

Wote wakacheka. Siwatu naye akacheka, kisha akainamisha uso. Lumi akaliona hilo. Akamwendea, akamfunga blanketi vizuri, akaweka jino kiganjani mwake na kukunja vidole vyake juu yake. "Nishikie kwanza. Usilirushe mpaka wakubwa wakubaliane."

Wakubwa hawajakubaliana. Wasafiri wamekwisha kufunga mizigo, wanamngoja Siwatu. Yeye amesimama uani, jino mkononi, na Lumi ameshika pindo la blanketi lake. Katika pengo la Lumi ncha nyeupe imeanza kuchungulia.

Nami nimelifikiri sana, wala simwoni wa kumnyima. Ninyi mliosikia, niambieni: kati ya aliyemtunza, aliyeling'oa na aliyeogopa pamoja naye, je, nani anastahili kulirusha jino la Lumi?